Anayevaa Picha Avae na Jina Lake

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alinijia na simu mkononi akaniomba nimfasirie maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa ndani ya kiputo, kama vile vya katuni. Picha yenyewe ilikuwa ya msichana anayelia huku mawimbi yakimzamisha: nywele za buluu, mistari myeusi minene, na ngozi iliyojaa vidoadoa. Ni kazi ya Roy Lichtenstein wa Marekani, ya 1963. Shuleni kwao wanaandaa tamasha la sanaa, na kila kundi limetakiwa kubuni maleba kutokana na picha maarufu. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuamua: watajichora vidoa usoni kwa rangi ya mdomo, watavaa magauni ya rangi moja, kisha watabandika kiputo cha karatasi begani. Nilipoanza kumfafanulia yale maneno, akaniambia kwa adabu, "Bibi, maana si muhimu sana. Tunataka mwonekano tu."

Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitano hawezi kuisikia sentensi hiyo akaendelea kuchambua maharage yake. Sikumgombeza. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, naye akacheka, kwa kuwa anajua maandishi yangu huwa marefu.

Kwanza jina la sanaa hiyo. Vyuoni tumezoea kusema fasihi pendwa, yaani zile riwaya za upelelezi na mapenzi zilizopendwa na wengi na kudharauliwa na wahakiki. Kwa mfano huo, wapo waitao picha hizi sanaa pendwa, nami nitaliazima neno hilo ingawa halinikai sawasawa. Fasihi pendwa huandikwa kwa ajili ya wengi. Wachoraji hawa walifanya kinyume: walivichukua vitu vya wengi, kopo la supu, katuni ya gazeti, sura ya mwigizaji wa sinema, wakavipeleka kwenye kuta za wachache. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha mjini Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila ladha na picha yake. Kabla ya hapo alikuwa akipata riziki New York kwa kuchora matangazo ya viatu, kwa hiyo mambo ya mavazi hayakuwa mageni kwake. Haikupita miaka mitano, kampuni yenyewe ya supu ikachapa makopo yake juu ya gauni la karatasi. Mnunuzi alituma dola moja na lebo mbili za supu, akaletewa gauni kwa posta. Lilikuwa la kuvaliwa mara chache na kutupwa.

Nimeitazama picha ya gauni hilo mara nyingi. Linanifurahisha, sitakana. Lakini kila nikilitazama najiuliza: linasema nini? Linasema "supu". Aliyelivaa alilitangazia kopo, na akalipia kazi ya kulitangazia.

Wakati gauni hilo linachapwa, wanawake wa Mombasa, Unguja na mwambao wote walikuwa wamekwisha kuvaa picha yenye maneno kwa muda wa nusu karne na zaidi. Nasema picha kwa makusudi. Kanga ina pindo linaloizunguka kama fremu, ina mji katikati ambamo mchoro hukaa, na chini ya mji kuna jina, yale maneno ya mstari mmoja yanayoifanya iwe kanga na si kitambaa tu. Michoro yake huchukuliwa kwenye maisha ya kila siku: korosho, nanasi, samaki, jogoo, hata mlima wetu. Mistari yake ni minene, rangi zake ni mbili tatu zisizoogopana, na huchapwa viwandani kwa maelfu. Inasimuliwa kwamba nguo hii ilipewa jina la ndege kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na vidoa vyeupe juu ya weusi, mfano wa manyoya ya kanga. Vidoa vya Lichtenstein vilitokana na uchapaji rahisi wa magazeti. Vyetu vilitokana na ndege wa porini. (Na doti, ile jozi ya kanga, haihusiani na vidoa hata kidogo. Ni neno la Kihindi. Nimeulizwa hilo mara nyingi darasani, nalisema hapa nisiulizwe tena.)

Maneno yaliingia kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Ni jina hilo linalonipa hoja yangu yote. Mwanamke wa pwani hanunui kanga bila kusoma jina, na akishaivaa hawezi kudai kwamba alivaa kwa bahati mbaya. Jirani akipita mbele ya mlango wako na kanga yenye maneno makali, ujumbe umefika. Hakuna ugomvi wa sauti, hakuna shahidi, na bado kila mtu wa mtaa amesikia. Nguo imesema, na mwenye nguo ndiye mwenye kauli.

Huku kwetu mlimani kanga ilipanda pamoja na Kiswahili, na wakati mwingine ilikitangulia. Mama yangu alizungumza Kivunjo; Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na shule hakuwahi kuiona. Siku za soko alikuwa akinichukua hadi Marangu Mtoni, nami nikiwa darasa la tatu au la nne, ili nimsomee majina ya kanga. Muuzaji alikunjua, mimi nikasoma, mama akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Mara nyingi rangi ilimpendeza lakini jina likamshinda, akairudisha: "Niende nalo kanisani hilo? Mama mkwe wako wa baadaye alisome?" Aliwahi kuacha kanga nzuri mno ya rangi ya damu ya mzee kwa sababu ya kiambishi kimoja cha ukanushi. Huyo alikuwa mwanamke asiyejua kusoma. Leo mjukuu wake wa pili, mwenye lugha mbili na simu, ananiambia maana si muhimu.

Msimamo wangu ni huu: vijana wana haki ya kuvaa picha, za Marekani na za popote, lakini picha ikishapanda mwilini inakuwa kauli, na anayeivaa awe tayari kuisoma kwa sauti mbele ya watu na kuijibia. Asiyeweza kuijibia bado hajaivaa. Ameibeba tu, kama mlingoti unavyobeba bango.

Tumekwisha kuwa walingoti. Nenda soko la Memorial pale Moshi mjini asubuhi ya marobota mapya, usome fulana zilizotandazwa chini. Timu za shule za Ohio, matangazo ya benki, sherehe za kuzaliwa za watu tusiowajua. Mwaka juzi nilikaa msibani, mkabala na mzee mmoja wa heshima zake, amevaa fulana ya waridi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye bibi bora kuliko wote duniani. Vijana walikuwa wanabana vicheko. Mimi nami nilibana, kisha nikaona haya, maana mzee yule alikuwa amevaa nguo safi kuliko zote alizo nazo kuja kumzika rafiki yake, na nguo ikamfanyia dhihaka nyuma ya mgongo wake. Umaskini ulimchagulia fulana ile. Mjukuu wangu hana udhuru huo.

Hata sisi tuvaao kanga tumeanza kusahau. Mafundi cherehani wengi hukata kanga kama kitenge: wanafuata mji ukae vizuri kifuani, jina linaangukia popote. Nimesali nyuma ya gauni lililobakiwa na neno "Usini" peke yake, ubavuni. Usini nini? Nusu ya ibada ilinipotea nikitafuta kitenzi. Fundi anayejua kazi yake hupima jina kwanza, akalizungushia kwenye pindo la sketi au akalilaza mgongoni, ndipo akate vingine. Ukimpata fundi wa namna hiyo, usimwachie mwingine.

Kuna wenzangu wastaafu ambao watauliza kwa nini tuwaruhusu watoto hata kuanza na Lichtenstein, wakati kanga tunayo na kitenge tunacho. Nawaheshimu, ila hoja yao haina mahali pa kusimama. Leso, jina la kanga huko Mombasa, limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na kanga nyingi za zamani zilichapwa India, Ulaya na baadaye Japani. Nguo nyeupe ambayo bibi zetu waliiita merikani ilichukua jina la nchi ileile ya Warhol. Tumekuwa tukivaa vya watu tangu zamani. Tulichofanya sisi ni kuviandika maneno yetu, vikawa vyetu.

Mtu atasema basi, tuanze na sanaa pendwa ya hapahapa. Tunayo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama juu ya vipande vya mraba vya mbao laini kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, na kuviuza Oysterbay, Dar es Salaam. Alifariki 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Chui wake mwenye madoa, aliyejaza mraba mzima na kukutazama usoni, ana nguvu kama picha yoyote ya New York, na ameishakuwa shati, kofia, mkoba na kandambili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na maduka ya mjini Moshi. Mashati ya mtindo huo yanayouzwa kwa wapanda mlima yana Kibo nyeupe, twiga watatu na mti wa mgunga. Ni mlima unaotazamwa kutoka mbali, na mtu anayeondoka kesho. Sisi wa juu hatuuoni hivyo. Hakuna twiga kwenye kihamba changu. Kuna migomba, kuna mibuni iliyozeeka, kuna mfongo unaopitisha maji ya zamu na ugomvi wa zamu, kuna dumu la njano la lita ishirini. Warhol hakwenda mbali kutafuta kopo. Alichora kilichokuwa jikoni kwa Wamarekani. Anayetaka kumfuata afuate hilo. Achore dumu la njano, kubwa, peke yake, katikati ya gauni jeupe. Kila mwanamke wa Kilema na Kirua atajua linasema nini kabla hajaliona jina.

Nilipaswa kulijua hili mapema. Nilionyeshwa, nikakataa kuona.

Ilikuwa 1992, katika shule niliyokuwa nikifundisha, ambayo sitaitaja. Mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulikuwa umesimamishwa 1989, bei ikaporomoka, na huku mlimani watu walikuwa wameanza kuing'oa mibuni waliyorithi kwa baba zao ili wapande nyanya. Ada za shule zilitoka kwenye kahawa. Basi unaweza kuona ni watoto wangapi walirudishwa nyumbani mwaka huo. Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa ngonjera juu ya kilimo, kwa ule mtindo alioueneza Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha. Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa chama. Maleba niliyoagiza yalikuwa ya kawaida: wasichana kanga, wavulana kanzu au mashati meupe.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, mkimya, aliyekaa dirishani, alikuja na gauni aliloshona mwenyewe kwa gunia la kahawa. Halikuwa na mikono wala kiuno, limenyooka tu kama karatasi. Kifuani alikuwa amechora tunda moja la mbuni, jekundu, kubwa kama kichwa cha mtoto, kwa rangi ya mabati, na kulizungushia mstari mweusi mnene. Juu ya tunda kulikuwa na kiputo cha katuni, na ndani ya kiputo maneno mawili: "Nauzwa, siulizwi."

Nilimwambia akalivue. Nilisema gunia si vazi la mbele ya wageni. Nilisema na mengine juu ya usafi, ambayo sitayarudia. Alitoka, akarudi na sare ya shule, akasimama safu ya nyuma na kughani beti zake bila kosa. Gauni likabaki kabatini katika chumba cha walimu. Mvua za masika zilipoanza, mtu fulani alilitandika mlangoni, tukawa tunafutia viatu tope. Nilikanyaga maneno yale wiki kadhaa kabla sijayasoma kweli.

Siku niliyoyasoma nilikuwa natoka kufundisha takriri. Kuuzwa na kuulizwa: silabi moja tu inavitenganisha vitenzi hivyo, na ndani ya silabi hiyo kuna hali yote ya mkulima wa mlimani, na ya tunda, na nadhani ya msichana mwenyewe pia, kwa sababu muhula uliofuata hakurudi. Nilisikia ameozwa upande wa Rombo. Mizani saba. Mimi nilikuwa nimewaandikia ngonjera ya beti ishirini na mbili, na katika beti zote hizo hapakuwa na mstari wa kufanana na ule. Msichana yule, nina hakika, hakuwa amepata kumsikia Warhol wala Lichtenstein. Alikuwa na gunia, kopo la rangi lililobaki kwenye bati la kanisa, na kanga za mama yake.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliporudi Jumapili iliyofuata, jibu langu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Gauni linyooke, lisikatwekatwe, kwa sababu picha inahitaji uwanja. Yves Saint Laurent alilijua hilo 1965 alipoigeuza miraba ya Piet Mondrian kuwa magauni, akayashona yakiwa yamenyooka. Rangi zisizidi tatu na nyeusi ya mstari. Vidoa vipigwe kwa kifuniko cha chupa ya soda kilichochovywa kwenye rangi ya vitambaa, si kwa rangi ya mdomo, ambayo itayeyuka kabla hawajapanda jukwaani. Kwa nguo ya kila siku, picha moja ndogo inatosha, mfukoni au nyuma ya ukosi. Mtu hawezi kwenda dukani kununua chumvi akiwa amevaa kelele. Na kiputo kisiwe cha karatasi. Kishonwe, kama unavyoshona kitu utakachokijibia.

Sehemu ya pili ilikuwa habari ya gunia. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, pamoja na ile ya viatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bibi, ulimwomba radhi?"

Nikamwambia sikumwona tena.

Wameacha msichana wa Lichtenstein. Kila mmoja anachora kitu cha kwao: mmoja mche wa sabuni, mmoja dumu la njano, mmoja kata ya mbege, jambo ambalo mwalimu wao hajaliamua bado. Mjukuu wangu amechora isale. Wageni wanaoliona kando ya njia hudhani ni ua la mpaka tu, na kweli hupandwa mipakani mwa vihamba. Lakini kwetu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na aliyepelekewa hupata shida sana kulikataa. Amelichora kubwa, kijani kibichi, kutoka begani hadi kwenye pindo la chini, na mstari mweusi kando yake, na amepiga vidoa vyeupe vya kanga pande zote. Ni zuri. Sijawahi kuona isale likitazamwa hivyo.

Kiputo amekishona kitupu. Anasema maneno ni ya kwangu kuyaandika, kwa sababu mwenye deni ni mimi. Nimekuwa nikijaribu kwa majuma mawili. Nina karatasi nne zilizojaa, na jina fupi kuliko yote niliyopata lina mizani kumi na moja na bado linaeleza sana, kama mwalimu. Tamasha ni Jumamosi ijayo. Fundi anasema anaweza kungoja hadi Alhamisi jioni.